Neno la Daktari ni Mali ya Nani?

Sisi tufundishao lugha tumezoea kuiona tafsiri kama zoezi la darasani. Mwanafunzi hupewa aya moja ya Kifaransa au ya Kiingereza, akaigeuza kwa Kiswahili, nasi tukampunguzia alama kila alipoongeza neno lisilokuwamo na kila alipoliacha lililokuwamo. Katika makala haya napenda kuwasimulia wenzangu tafsiri moja iliyonishinda, ambayo haikufanyika darasani bali kando ya kitanda cha hospitali, pamoja na swali ambalo tangu siku ile halijanitoka. Swali lenyewe ni hili: mgonjwa anapokuwa mja mzito, na ugonjwa wake ukawa ni wa kufisha, habari za ugonjwa huo ni mali ya nani? Je, ni yake mwenyewe, ni ya mumewe na ukoo, ni ya daktari, au ni ya yule aliyemo tumboni ambaye bado hana ulimi wa kujisemea?

Alikuwa mama muuza ndagala wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambao wakazi wake wamekuwa wakiongea Kiswahili tangu enzi za babu zao. Nilikuwa mteja wake kwa miaka mingi. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza tangu utotoni, na wanunuzi walizoea kumtania kwamba ananong'ona bei ili wauzaji wenziwe wasisikie. Kumbe ndani ya zoloto yake mlikuwa na vinyama vidogo vidogo, mfano wa chunjua, ambavyo madaktari walikuwa wakimwondolea kila baada ya mwaka mmoja au miwili, navyo vikarudi kuota. Alivizoea kama mtu anavyozoea paa linalovuja. Lakini aliposhika mimba ya tatu vinyama vile viliota kwa kasi ambayo hakupata kuiona. Mwezi wa nne pumzi zilimbana hata ikabidi atobolewe shingoni na kuwekewa kijibomba cha kupumulia. Tangu siku hiyo sauti ilikatika kabisa, akawa anasema kwa daftari na kalamu.

Kisha ikapigwa picha ya eksirei, tumbo likiwa limekingwa kwa aproni ya risasi, na katika pafu la kulia kukaonekana kivuli. Kipande cha nyama kilichukuliwa kwenda kuchunguzwa, na jibu lilirudi kwamba vile vinyama, ambavyo kwa miaka yote viliitwa visivyo na madhara, vimeshuka mapafuni na huko vimegeuka saratani.

Daktari alikuwa mgeni, hajui Kiswahili wala Kirundi. Mgonjwa alijua kusoma na kuandika Kiswahili vizuri, ila Kifaransa chake kilikuwa cha kupatania bei tu. Ndipo wifi yake aliponifuata shuleni niende kukalimani. Nilipofika mlangoni mwa wodi, shemeji yake mgonjwa, yaani kaka mkubwa wa mumewe, alinivuta pembeni akaniambia kwa upole: "Mwalimu, tunakuomba kwa heshima yako. Neno saratani lisitoke. Mwambie ni vinyama vyake vilevile. Yule amebeba roho nyingine ndani. Ukimvunja moyo umewavunja wawili."

Daktari alisema kwa muda wa kama dakika kumi. Alieleza ugonjwa ni nini na umefika wapi. Alieleza kwamba zipo dawa ambazo ni za hatari sana kwa mimba katika miezi mitatu ya kwanza, lakini baada ya hapo baadhi yake huweza kutolewa kwa uangalifu. Kwamba dawa hizo hazipatikani hapa, ingebidi kusafiri hadi nchi jirani. Kwamba hata zikipatikana hatarajii kuponya bali kurefusha. Na kwamba kuna njia nyingine ya kungojea bila dawa hadi mtoto akomae, kisha ndipo matibabu yaanze, ila mama anaweza asifike. Alimaliza kwa kuuliza: yeye mwenyewe anataka nini?

Mimi nilitoa sentensi mbili. Nilimwambia vinyama vyake vimeshuka kidogo kifuani, na kwamba daktari anatafuta dawa. Sikusema uongo, kama uongo ni kutamka jambo lisilokuwapo. Yule mama alinitazama, akachukua daftari, akaandika, akanigeuzia nisome: "Daktari amesema mengi. Wewe mwalimu umesema machache."

Baada ya siku ile nilisoma kila nilichoweza kukipata juu ya maradhi yale, na yafaa niyaeleze kidogo, kwa kuwa hoja yenyewe imejengeka juu yake. Madaktari huyaita papilomatosisi ya njia ya pumzi. Huletwa na virusi vya papiloma, hasa aina ya 6 na ya 11, ambavyo ni tofauti na aina ya 16 na ya 18 zinazosababisha sehemu kubwa ya saratani ya mlango wa kizazi. Aina ya 11 ilitambuliwa katika vinyama vya zoloto mwaka 1982, katika nchi ya Ujerumani, na mkuu wa uchunguzi wa virusi hivi, Harald zur Hausen, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kazi yake juu ya saratani ya mlango wa kizazi. Aghalabu mtoto huvipata virusi hivyo kwa mamaye wakati wa kuzaliwa, na dalili ya kwanza huwa ni kukauka kwa sauti. Watoto walio wengi wanaopitia njia hiyo hawadhuriki. Wachache huota vinyama; katika hao, wachache zaidi vinyama huwashukia mapafuni; na katika hao wa mwisho, wachache mno ndio ambao vinyama hugeuka kuwa saratani. Wapo wanawake ambao ugonjwa huu huwapamba moto wakati wa ujauzito, na wataalamu hudhani ni kwa sababu ya homoni za mimba. Tena ujauzito wenyewe hufunika dalili, maana mja mzito akilalamika kwamba anatweta, nani asiyemwambia kuwa ni uzito wa tumbo? Na akikohoa, huku kwetu hudhaniwa kwanza kifua kikuu.

Niongeze kwamba ugonjwa huu sasa una kinga. Chanjo iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2006 ilihusu aina nne za virusi hivyo, pamoja na hizo 6 na 11, na huko Australia, ambako wasichana walianza kuchanjwa mwaka 2007, watoto wapya wenye vinyama vya zoloto wamepungua sana. Rwanda ilianza kuchanja wasichana wake mwaka 2011, Uganda ikafuata mwaka 2015, Tanzania mwaka 2018 na Kenya mwaka 2019. Walimu tunaoletewa maofisa wa afya shuleni tusichoke kuwaeleza wazazi jambo hili. Lakini huo ni mjadala mwingine.

Narudi kwenye maneno. Tunapofundisha, tunatafsiri lile jina la kidaktari la uvimbe usio saratani kwa kusema "uvimbe usio na madhara" au "uvimbe salama". Nadhani tumekosea. Kinyama kinachoziba njia ya pumzi hata mtu akatobolewa shingo si salama hata kidogo, ijapokuwa hakijawa saratani. Jina hilo halielezi kinyama kinamfanya nini mgonjwa. Linaeleza tu jinsi chembe zake zinavyoonekana kwa darubini siku ile kilipokatwa. Siku nyingine chembe hizo zaweza kuwa na sura nyingine. Haya yalimpata hata mfalme. Mwaka 1887 mrithi wa ufalme wa Ujerumani, Friedrich, alionekana kuwa na kinyama kwenye nyuzi za sauti. Madaktari wake walihofu ni saratani, wakataka kumpasua. Akaitwa bingwa wa Kiingereza, Morell Mackenzie, aliyechukua vipande na kuvikabidhi kwa Rudolf Virchow, mtaalamu aliyekuwa na sifa kuliko wote wa zama zake katika kuchunguza chembe za mwili. Virchow hakuona saratani, na upasuaji ukaahirishwa. Kabla mwaka haujaisha saratani ilidhihirika. Friedrich alitobolewa shingo mwezi wa Februari 1888, akarithi kiti mwezi wa Machi akiwa hana sauti, akatawala siku 99 akitoa amri zake kwa vikaratasi, kisha akafa tarehe 15 Juni. Nilipoisoma habari hiyo niliwaza jambo moja: mfalme yule, bubu na taabani, bado aliulizwa rai yake, na vikaratasi vyake vilikuwa sheria. Daftari la muuza ndagala lilikuwa halina nguvu hiyo.

Wahenga wetu wana usemi kwamba mgonjwa haulizwi uji. Usemi huu mara nyingi hutumiwa vibaya. Maana yake ya asili, kwa jinsi ninavyoielewa mimi, ni kwamba mwenye shida dhahiri asaidiwe pasipo kumsumbua kwa maswali. Uji mpikie, mletee. Lakini watu huunyoosha usemi huo hata ukafika mahali ambapo mgonjwa haulizwi lolote, si uji tu bali hata maisha yake. Tena wahenga haohao walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Usemi huo wa pili tumezoea kumtupia mgonjwa anayejificha. Ni nadra kuwatupia wazima wanaomficha mgonjwa maradhi yake mwenyewe.

Isije ikadhaniwa kwamba ufichaji huu ni desturi ya Waafrika peke yao. Matabibu wa Kiyunani wa kale walishauriana kumficha mgonjwa mambo mengi ya hali yake. Mwaka 1961, katika mji wa Chicago, madaktari wa hospitali moja waliulizwa kama huwaambia wagonjwa wao wanapokuwa na saratani: asilimia 90 walijibu kwamba hupendelea kutowaambia. Mwaka 1979 swali hilohilo lilipoulizwa tena huko Marekani, asilimia 97 walipendelea kuwaambia. Katika miaka 18 tu rai imegeuka juu chini. Kwa hiyo anayesema kwamba kuficha ni utu wa Kiafrika na kufichua ni ubaridi wa Kizungu hajasoma tarikh. Na anayesema kwamba kufichua ndio ustaarabu wa tangu zamani, naye pia hajasoma.

Hata hivyo haingekuwa haki kumfanya yule shemeji kuwa mtu mbaya. Alikuwa na hoja, tena nzito. Yeye ndiye aliyekuwa akilipa hospitali. Yeye ndiye ambaye angeleta watoto nyumbani kwake endapo mama yao angekufa. Kwetu sisi ugonjwa si wa mtu mmoja. Mtu anapolazwa ukoo mzima umelazwa, wa kupika yupo, wa kulinda usiku yupo, wa kuuza mbuzi yupo. Je, watu wanaobeba mzigo hawana haki ya kusema mzigo ubebwe vipi? Zaidi ya hayo, aliamini kwamba khofu huua kabla ya ugonjwa, na ni nani kati yetu asiyemfahamu mtu aliyesikia jina la maradhi yake akageukia ukuta, akakataa kula?

Na hoja yake ya pili ilikuwa ni mtoto. Hapa ndipo jambo hili linapokuwa gumu kuliko maradhi mengine yote. Mgonjwa wa kawaida akikataa dawa au akiikubali, mwili ni wake. Mja mzito amebeba mwili ndani ya mwili. Wanazuoni wengi wa Kiislamu wamelipima jambo hili kwa mfano wa shina na tawi: mama ndiye shina, na ikiwa hapana budi mmoja aokolewe, shina haliachwi likafa kwa ajili ya tawi. Wakatoliki wamefuata njia nyingine. Husema kwamba hakuna uhai unaoruhusiwa kuuawa makusudi kwa ajili ya mwingine, lakini dawa inayolenga kumponya mama yaweza kutolewa hata ikiwa inamhatarisha mtoto, maadamu madhara hayo hayakukusudiwa. Nimezitafakari njia zote mbili. Nimeona kwamba zote hupima uzito wa maisha mawili, na hilo ni sawa, lakini mzani wenyewe lazima ushikwe na mkono wa mtu. Nani aushike?

Yapo mambo mawili yaliyotokea kwingine ambayo yamenisaidia kufikiri. La kwanza lilikuwa Italia. Gianna Beretta Molla alikuwa daktari wa watoto na mama wa watoto watatu. Mwaka 1961, akiwa na mimba ya miezi miwili, alionekana na uvimbe katika mfuko wa uzazi, uvimbe usio saratani. Kulikuwa na upasuaji ambao ungeondoa mfuko wote wa uzazi pamoja na mimba, nao ulikuwa salama zaidi kwake, na kanisa lake halingeukataza. Yeye alichagua uondolewe uvimbe peke yake. Mtoto alizaliwa mwezi wa Aprili 1962, na baada ya wiki moja mama akafa kwa maambukizo ya tumboni. Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 2004.

La pili lilikuwa Washington, Marekani, mwaka 1987. Hapo mgonjwa ni mwanamke wa miaka 27 ambaye mahakama ilimtaja kwa herufi mbili tu, A.C., nami nitamtaja hivyohivyo. Alikuwa ameugua saratani ya mfupa tangu utotoni, akapoteza mguu, akapona, akaolewa, akapata mimba aliyoitamani sana. Mimba ilipofika kama wiki ya 25 aligunduliwa kuwa na uvimbe uliokuwa umejaza karibu pafu lake lote la kulia. Alikubaliana na madaktari wajaribu kumwongezea siku hadi wiki ya 28, wakati ambapo mtoto angekuwa na matumaini zaidi ya kuishi. Lakini hali yake ilishuka kwa kasi. Hapo uongozi wa hospitali ukaenda mahakamani kuuliza kama wampasue mara moja wamtoe mtoto. Kesi ilisikilizwa hospitalini humo, naye akiwa amelala usingizi wa dawa hatua chache tu kutoka hapo. Mamake alipinga upasuaji. Mumewe alikuwa amezidiwa na majonzi hata hakuweza kutoa ushahidi. Jaji aliamua apasuliwe. Alipozinduka akaelezwa, kwanza alionekana kukubali. Alipoulizwa tena, akiwa na mpira wa kupumulia kooni, midomo yake ilichezacheza bila sauti, na waliokuwapo wakaisoma: hataki. Jaji alisema nia yake haijulikani wazi, na upasuaji ukaendelea. Mtoto aliishi kama saa mbili. Mama alikufa baada ya siku mbili.

Tarehe 26 Aprili 1990 mahakama ya rufani ilibatilisha uamuzi ule. Ilisema kwamba katika karibu hali zote, mja mzito aliye na akili zake ndiye wa kuamua, na akiwa hawezi, basi itafutwe yale ambayo yeye angeyataka, si yale wengine wanayoona yanafaa. Hukumu ilikuja miaka karibu mitatu baada ya maziko.

Nikiwaweka wanawake hawa wawili pamoja, naona kitu kimoja kinachonishangaza. Tukitazama matokeo peke yake, tunaweza kusema kwamba Gianna alifanikiwa kwa sababu mtoto aliishi, na jambo la A.C. liliharibika kwa sababu wote wawili walikufa. Lakini hebu tubadilishe matokeo. Tuseme mtoto wa A.C. angeishi; je, yale aliyotendewa mamaye yangekuwa mema? Na tuseme mtoto wa Gianna angekufa. Je, uchaguzi wa mamaye ungepoteza heshima yake? Jibu langu ni hapana katika maswali yote mawili. Kujitoa kwa ajili ya mwana ni tendo kuu kwa sababu mtu amejitoa. Akitolewa na wengine si kujitoa tena. Yule anayemficha mama ugonjwa wake ili abebe mimba yake kwa utulivu, hata akiwa na nia njema, amemnyang'anya jambo ambalo pengine mama mwenyewe angelitoa kwa hiari yake. Uchungu wa mwana, twasema, aujuaye mzazi. Basi mbona mzazi ndiye wa mwisho kuulizwa?

Mtu atanijibu: wapo wasiotaka kujua. Ni kweli, na sina haki ya kumshindilia mtu habari za kifo chake kwa nguvu kama vile ninamnywesha mwarobaini. Lakini kutokutaka kujua nako ni uamuzi, na uamuzi huo hauwezi kufanywa na shemeji mlangoni mwa wodi. Kuna swali linalotangulia maswali yote, nalo ni jepesi kulitamka katika lugha yoyote: ungependa kuelezwa kiasi gani, na ungependa nani aelezwe kwa niaba yako? Mgonjwa anayejibu "mwambieni mume wangu" ameamua. Asiyeulizwa hajaamua lolote.

Na mkalimani je? Nimesikia wenzangu wakisema mkalimani ni mfereji tu: maji hupita, mfereji hauulizwi yametoka wapi wala yanakwenda wapi. Siku ile mimi sikuwa mfereji. Nilikuwa lango, na nililifunga. Ningejitetea kwamba niliombwa na ndugu, kwamba mimi si daktari, kwamba heshima ilinilazimisha. Yote hayo ni kweli. Lakini katika chumba kile walikuwamo watu wawili tu walioyaelewa maneno ya daktari, daktari mwenyewe na mimi; na daktari aliondoka akiamini kwamba mgonjwa wake ameelezwa. Kwa hiyo niliwadanganya wawili kwa sentensi mbili.

Siku ya tatu nilirudi. Nilimkuta shemeji uani, nikamwambia sitakalimani tena isipokuwa kwa ukamilifu, na kwamba wakitaka watafute mwingine. Alikasirika, akaniambia walimu tuna kiburi cha maneno. Ndipo mumewe, aliyekuwa amekaa kimya juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasema bila kuinua uso: "Kaka, mwache amwulize mwenyewe."

Nilimwuliza kama nilivyoeleza hapo juu. Aliandika neno moja: "Yote." Daktari akaitwa, akarudia maneno yake tangu mwanzo, nami nikayatafsiri yote, sentensi kwa sentensi, na neno saratani nikalitamka. Hakugeukia ukuta. Aliandika kwanza: "Mtoto naye anayo?" Daktari akajibu kwamba ni nadra kabisa saratani ya mama kuvuka hadi kwa mtoto. Akauliza kama vinyama vya koo vinaweza kumpata. Akajibiwa kwamba yawezekana, ila kwa wachache, na kwamba sauti ya mtoto ichunguzwe akiwa mdogo. Kisha akaandika kwa muda mrefu. Alitaka dawa zianze, safari ifanywe, kwa kuwa ana wengine wawili nyumbani wanaomjua kwa jina. Lakini asipasuliwe kumtoa mtoto kabla ya mwezi wa nane, isipokuwa kama yeye mwenyewe hawezi tena kuandika. Akaweka sahihi, akamtaka mumewe naye aweke, na shemeji pia. Shemeji aliweka. Mkono wake ulitetemeka kuliko wa mgonjwa.

Alijifungua mtoto wa kike mwanzoni mwa mwezi wa nane, na baada ya hapo aliishi miezi mitano. Siwezi kusema kwamba ukweli ulimwongezea siku, wala kwamba ulimpunguzia. Ninalolijua ni jinsi alivyoitumia alasiri ile ya siku ya tatu. Daktari alipokwisha kutoka, alifungua ukurasa mpya katika daftari, akaanza kuorodhesha watu waliomkopa ndagala sokoni na mitaani, majina, vipimo na bei, ili mumewe apate pa kuanzia kukusanya nauli. Aliandika kwa utulivu, mstari hadi mstari, nami nimekaa pale nikingoja kama atahitaji neno. Kwenye mstari wa saba au wa nane, bila kunitazama, aliandika: "Mwalimu, kilo mbili."